Usukani Uliokataa Kurudi Katikati: Kisa cha Ndege ya Chaneli Moja

Ndege ya kisa hiki ni modeli ya miaka ya 1950, ya aina iliyorushwa sana Uingereza na Marekani kabla ya transista kuenea. Imejengwa kwa balsa, mti mwepesi sana, mabawa yana upana wa sentimita 122 toka ncha hadi ncha, injini ni dizeli ndogo ya sentimita za ujazo 1.5, na uzito wake pamoja na betri zote ni kilo 1.1. Inaongozwa kwa chaneli moja, na chaneli hiyo inasogeza usukani wa mkia tu. Hakuna cha kuinua wala kushusha pua, na hakuna cha kupunguza kasi ya injini. Injini inakimbia mpaka tangi likauke. Tunaichukua kama ndege ya mfano: vipimo vyake ni vya seti ya kawaida ya vali moja ya gesi (vali ni taa ya kioo iliyofanya kazi ya transista katika redio za zamani), na ajali yake ni ya namna inayofahamika vyema kwa wote waliotumia seti hizo.

Mambo yalikwenda hivi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na betri zilikuwa zimeshatumika. Jaribio la umbali lilifaulu: msaidizi alisimama mita 300 kutoka kwenye transmita, yaani mtambo wa rubani unaotuma ishara, akiwa ameishika ndege, na kila kitufe kilipobonyezwa usukani ulicheza. Injini ikawashwa, ndege ikarushwa kwa mkono, ikapanda hadi mita 80 hivi. Ikatii amri nne: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Amri ya tano ilikuwa kulia tena. Rubani akashikilia kitufe sekunde moja, akakiachia, na usukani haukurudi. Ndege ikazidi kulalia kulia, duara likabana, pua ikaelekea chini, na kabla ya mzunguko wa tatu kuisha ikagonga ardhi. Njia nzima rubani alikuwa akibonyeza na kuachia bila mafanikio. Baadaye mabaki yalipowekwa mezani na swichi kuwashwa, redio ilifanya kazi bila kasoro yoyote.

Hilo la mwisho ndilo lililowapotosha wengi. Redio ikionekana nzima baada ya ajali, lawama humwangukia rubani, au upepo, au mtu fulani upande wa pili wa uwanja anayedhaniwa kuwasha transmita yake. Hapa kosa lilikuwa ndani ya ndege tangu asubuhi, na mita ya kupimia umeme ya shilingi chache ingeliona.

Mkondo unaposhuka, amri inasomeka

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kuijua vali yenyewe. Mwaka 1938 kampuni ya Raytheon ya Marekani ilitoa vali ndogo iitwayo RK61, iliyokusudiwa hasa kuongoza modeli kwa redio. Mwaka mmoja kabla yake, 1937, ndugu pacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, walikuwa wameanza kurusha kwa redio ndege yao Guff, ambayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Uingereza nayo ikawa na vali ya jamii hiyo hiyo, XFG1 ya Hivac. Uzuri wa vali hizi ulikuwa gesi kidogo iliyotiwa ndani ya kioo. Vali ya kawaida isiyo na gesi, ikipokea ishara dhaifu, hubadilisha mkondo wake kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kusogeza kitu. Lazima ifuatwe na vali nyingine ya kukuza. Vali ya gesi hubadilisha mkondo wake kwa miliampea nzima, na hiyo inatosha kuendesha moja kwa moja rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Risiva nzima, yaani kipokezi cha ishara ndani ya ndege, ikawa na vali moja. Kwa mjenzi aliyehesabu kila gramu, hiyo ilikuwa neema kubwa.

Lakini mabadiliko yenyewe huenda kinyume na mtu anavyotarajia. Pasipo ishara, vali hupitisha mkondo mkubwa, kama miliampea 1.3. Ishara inapofika, mkondo unaporomoka hadi 0.3 au chini yake. Kwa hiyo rilei hukaa imenasa muda wote wa utulivu, na huachia pale rubani anapobonyeza kitufe. Ulimi wake, yaani kipande cha chuma kinachosogea, ukiachia hugusa ncha ya nyuma, ncha hiyo inafunga saketi ya betri ya pili, na betri hiyo inavuta sumaku ya eskepimenti.

Eskepimenti ni kidude chepesi kilichofanya kazi ambayo leo hufanywa na servo, mota ndogo ya kusogeza usukani. Mpira bapa wa milimita 3, uliosokotwa na kunyooshwa ndani ya kiwiliwili cha ndege, unataka kuzungusha mkono mdogo uliounganishwa na usukani. Sumaku ikivutwa, mkono unaachiwa robo mzunguko na kukwama penye kizuizi: usukani uko kulia. Sumaku ikiachia, robo nyingine: usukani uko katikati. Mbonyezo unaofuata huleta kushoto, kuachia huleta katikati, na kadhalika. Ndiyo maana ndege hii ilikwenda kulia na kushoto kwa zamu. Rubani aliyetaka kulia mara mbili mfululizo alipaswa kupita kushoto kwa mguso wa haraka.

Sasa tazama upungufu unavyosomeka na mtambo huu. Betri ya vali ikichoka, mkondo unashuka. Filamenti, yaani waya unaopata moto ndani ya vali, ikikatika, mkondo unashuka. Kiungo cha solda kikilegea, mkondo unashuka. Na kila mkondo unaposhuka, rilei inaachia, sumaku inavutwa, usukani unakwenda upande. Seti haina namna ya kutofautisha kitufe kilichobonyezwa na betri iliyokufa. Ndege iliyokosa umeme haikuendelea kuruka moja kwa moja kama mjenzi mgeni anavyodhani. Ilipewa amri ya kona isiyo na mwisho.

Tarakimu mbili za rilei

Kila rilei ina viwango viwili, na hivi viwili ndivyo kiini cha kisa chetu. Kuna mkondo unaohitajika ili inase, na kuna mkondo ambao ikishuka chini yake inaachia. Cha kwanza daima ni kikubwa kuliko cha pili, kwa sababu ulimi ulio mbali na sumaku huhitaji nguvu zaidi kuvutwa kuliko ulimi ambao tayari umesogea karibu kushikiliwa.

Rilei ya ndege hii ilipopimwa ilinasa kwa miliampea 1.2 na kuachia kwa 0.9. Mkondo wa utulivu, swichi ikiwa imewashwa punde tu, ulikuwa 1.3. Akiba ya juu ilikuwa 0.1 tu.

Fuatisha. Wakati wa utulivu rilei imeshanasa. Mkondo ukiteremka taratibu kutoka 1.3 hadi 1.15, hakuna kinachoonekana, maana bado uko juu ya 0.9 na ulimi umeshikiliwa. Rubani anabonyeza: mkondo unashuka hadi 0.3, rilei inaachia, usukani unakwenda kulia kama ilivyotakiwa. Rubani anaachia: mkondo unapanda tena, lakini unafika 1.15 na kusimama. Rilei inataka 1.2. Hainasi. Kwa macho ya eskepimenti, kitufe bado kimebonyezwa. Kubonyeza tena hakusaidii kitu, kwa kuwa kubonyeza kunamwambia ulimi uachie na ulimi umeshaachia. Rubani hakuwa na dawa yoyote mikononi mwake.

Kwa nini amri nne za kwanza zilipita? Kwa sababu mkondo ulikuwa bado unateremka. Filamenti ya vali hii hutumia volti 1.4 na takriban miliampea 50, na hapa ilikuwa ikilishwa na betri moja ndogo ya kaboni. Jaribio la mita 300 lilichukua dakika, kuwasha injini kulichukua dakika nyingine, na muda wote huo filamenti ilikuwa inakula. Mezani betri hiyo ilisoma volti 1.46 ikiwa haina mzigo, na fundi anayepima hivyo atasema ni nzima. Ilipofungwa kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 27, ambacho huvuta umeme karibu sawa na filamenti, baada ya dakika 10 ilisoma 1.21. Filamenti ikipoa hutoa elektroni chache, na mkondo wa utulivu hupungua. Betri ya kaboni ikipumzika hujirudishia volti zake, na hiyo ndiyo sababu redio ilionekana nzima mabaki yalipofika mezani.

Akiba hiyo nyembamba haikutokana na uzembe. Mjenzi alikaza springi ya rilei kwa makusudi, akitafuta umbali. Ndege ikiwa karibu, ishara kali hushusha mkondo hadi 0.2. Ikiwa mbali, ishara dhaifu huushusha hadi 0.45 au 0.5 tu. Rilei inayoachia kwa 0.9 itasikia hata ishara dhaifu sana, na jaribio la ardhini litaonyesha umbali wa kujivunia. Ila kukaza springi hupandisha viwango vyote viwili kwa pamoja, na kile cha juu kilisukumwa hadi kikakaribia kugusa mkondo wa utulivu. Alinunua mita za ziada za umbali ambazo ndege hii, ikiwa angani penye njia wazi, isingezihitaji. Alilipa kwa akiba iliyokuwa inamlinda dhidi ya betri.

Jinsi ya kuondoa visababu vingine

Ajali ya kona isiyoisha ina visababu kadhaa vinavyofanana kwa nje, na kila kimoja huacha alama yake. Kabla ya kugusa swichi yoyote, tazama mkono wa eskepimenti. Ukiwa umesimama penye kizuizi cha kona na koili ina joto, sumaku ilikuwa inavutwa hadi mwisho, na kosa liko kwenye rilei au nyuma yake. Koili ya omu 8 kwenye volti 4.5 huvuta zaidi ya nusu ampea, hivyo betri ya eskepimenti nayo itakuwa imechoka.

Mkono ukiwa umelegea na mpira hauna mizunguko, mpira uliisha. Hapa mpira ulikuwa na mizunguko zaidi ya 100 iliyobaki. Kwa kuwa amri mbili, ya kulia na ya kushoto, hula mzunguko mmoja, hiyo ni akiba ya amri 200 na zaidi.

Mwingiliano wa transmita nyingine haukufaa kupuuzwa, maana risiva za aina hii ni pana mno. Husikia karibu bendi nzima. Uingereza ilipotoa leseni za modeli mwaka 1954, ilitenga megahezi 26.96 hadi 27.28, lakini wenye risiva hizi walilazimika kurusha mmoja mmoja hata kama kila mtu alikuwa na masafa yake ndani ya bendi hiyo. Transmita zenyewe zilituma wimbi tupu lisilo na mlio: kitufe kikibonyezwa wimbi lipo, kikiachwa halipo. Wimbi la mtu yeyote ni amri. Ila mwingiliano huja na kuondoka, na usukani ungetikisika walau mara moja. Huu uliganda.

Cheche za injini hazihusiki. Dizeli za modeli huwaka kwa mgandamizo, hazina plagi, kwa hiyo hazina kelele za umeme. Hilo ni jambo jema lililowapa wajenzi wa Uingereza utulivu mkubwa, na linastahili kukumbukwa na kila anayefikiria kufunga injini ya plagi ya cheche karibu na risiva ya vali.

Kurekebisha rilei

Rilei ipimwe peke yake, nje ya risiva. Kwa koili ya omu 5,000 inatosha betri ya volti 9, kizuizi cha kuzungusha cha omu 25,000 na mita ya miliampea, vyote vimefungwa kwa mfululizo na koili. Anza kizuizi kikiwa juu kabisa. Mkondo utakuwa 0.3. Kipunguze polepole mpaka ulimi unase, soma mita. Kirudishe juu polepole mpaka uachie, soma tena. Rudia mara 5 au 6. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya 0.05, bawaba ya ulimi ina uchafu au imepinda, na hakuna haja ya kuendelea mpaka hilo litengenezwe.

Lengo kwa ndege hii ni kunasa kwa 0.9 na kuachia kwa 0.65. Mkondo wa utulivu ukiwa 1.35 kuna akiba ya 0.45 juu. Ishara ya mbali ikishusha mkondo hadi 0.45, kuna akiba ya 0.2 chini. Akiba ya juu imepewa sehemu kubwa kwa makusudi: ukikosa umbali ndege inaruka moja kwa moja usukani ukiwa katikati, ila ukikosa mkondo inaanguka.

Springi peke yake haitakufikisha hapo, kwa kuwa husogeza viwango vyote viwili. Pengo kati ya viwango hutegemea mwendo wa ulimi. Anza na kizuizi cha upande wa sumaku: ulimi ukiwa umenaswa usiguse kiini cha chuma, ubaki na nafasi ya unene wa karatasi. Ukigusa, sumaku iliyobaki kwenye chuma huung'ang'ania na kiwango cha kuachia hushuka mno. Kisha sogeza ncha ya nyuma ili ulimi usafiri kidogo tu, kama milimita 0.1, mwendo ukipungua, kiwango cha kunasa kinashuka na kukaribia cha kuachia. Mwisho kabisa gusa springi kuviweka viwili hivyo mahali pake. Ukianza na springi utazunguka siku nzima.

Safisha ncha kwa ukanda wa karatasi ngumu uliochovywa spiriti. Msasa uachwe, huchubua utando mwembamba wa fedha. Madoa meusi kwenye ncha ya nyuma ni cheche za koili ya eskepimenti, na kizuizi cha omu 100 kikifungwa sambamba na koili hiyo kitazipunguza sana.

Risiva ining'inizwe kwa mipira au izungukwe na sponji laini, na rilei ielekezwe ili mwendo wa ulimi usifuate mtikisiko wa injini. Rilei iliyo karibu na ukingo wa kiwango chake, ikitikiswa, hugonga ncha mfululizo, na kila inapogonga eskepimenti inapiga hatua. Hiyo ni ajali nyingine kabisa, yenye usukani unaopigapiga kulia na kushoto.

Betri na usukani

Betri ndogo ya kaboni ibadilishwe na ya alkali ya ukubwa wa AA. Kwa miliampea 50 inakaa saa nyingi bila kuporomoka. Betri za volti 67.5 za zamani hazihitaji kutafutwa kwenye maghala ya vitu vya kale: betri 7 za volti 9 zilizofungwa kwa mfululizo hutoa volti 63, na zikiwa mpya hupita hapo kidogo. Zifunge kwa utepe ncha zake zikiwa zimefunikwa, maana volti hizo zinauma kwenye ngozi yenye unyevu. Kizuizi cha kuzungusha kilicho kwenye njia ya volti hizo ndicho cha kuweka mkondo wa utulivu. Kishawishi cha kukifungua ili mkondo uwe 1.6 au 1.8 ni kikubwa. Vali za gesi zina maisha mafupi, na mkondo mkubwa huyafupisha zaidi. RK61 na XFG1 nzima ni adimu sasa. Inayohitaji volti zaidi kila wiki ili ifikie mkondo ule ule inaelekea kufa, na isirushwe.

Mpangilio wa swichi nao una maana. Washa risiva kwanza, subiri mkondo utulie, ndipo uwashe betri ya eskepimenti. Kuzima ni kinyume chake. Swichi moja inayofungua saketi zote mbili huokoa gramu chache, lakini huficha tatizo la mkondo nyuma ya mlio mmoja wa eskepimenti ambao hakuna anayeujali.

Usukani wa ndege hii ulikuwa ukienda nyuzi 25. Kwa ndege inayotegemea usukani peke yake ni nyingi. Mabawa yaliyoinuliwa ncha hugeuza kila msukumo wa usukani kuwa mlalo. Mlalo ukizidi, pua inashuka, kasi inapanda, na usukani ule ule unakuwa na nguvu zaidi. Ukipunguzwa hadi nyuzi 12 au 15, kona ya sekunde moja bado inatosha kugeuka uwanjani, na ikiganda, duara huwa pana na ndege huteremka taratibu zaidi. Inaweza kutua vibaya, lakini itatua ikiwa kipande kimoja.

Kuhusu mpira wa eskepimenti: upake sabuni ya gliserini au mafuta ya mbarika, na uhakikishe ukuta kati yake na injini hauvuji. Mafuta ya dizeli ya modeli ni mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya mbarika, na mafuta ya taa hulainisha mpira mpaka ukatike. Ubadilishe mara kwa mara hata ukionekana mzima.

Anayetaka kurusha eskepimenti ya zamani bila vali anaweza kufunga risiva ya kisasa ya gigahezi 2.4 na saketi ndogo ya transista inayoivuta koili pale tu kitufe kinapobonyezwa. Hapo ukosefu wa ishara huacha usukani katikati, kama zilivyokuja kufanya risiva za mlio zilizofuata vali za gesi, ambazo mkondo wake ulipanda ishara ilipofika. Anayebaki na transmita ya kale aulize kwanza kuhusu masafa yake: Tanzania yanasimamiwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano.

Jaribio la ardhini kwa ndege ya vali lifanywe injini ikikimbia na mita ikiwa imechomekwa. Washa risiva, iache dakika 10 kamili filamenti ikila betri. Kisha msaidizi aishike ndege kwa mbali, rubani abonyeze na kuachia mara 20, na anayesoma mita aangalie tarakimu moja tu: mkondo unarudi wapi kila kitufe kinapoachiwa. Rilei inanasa kwa 0.9, lakini mkondo ukirudi chini ya 1.2 hata mara moja, ndege hairushwi siku hiyo, na betri ya filamenti ndiyo ya kwanza kutolewa.